Piki Iliyomlalamikia Abiria Mmoja

Kabla sijashika kle, yaani spana, hata moja, nilikuwa nauza mikate ya mafuta hapa Kasongo, ng'ambo ya barabara, mkabala na garaji ya Papa Mulamba. Ninyi mliobaki garajini mmenizoea nikiwa na mikono myeusi ya mafuta ya mashine, lakini mikono hii ilianza na mafuta ya mawese. Sasa magoti yamekataa kuchuchumaa, nimeacha kazi, na mmeniomba niwaandikie kidogo kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Ila nimewasikia mkibishana juu ya piki ya Muzee Ramazani, kila mmoja na hadithi yake, na wengi wenu siku zile hamkuwepo. Nitaanza mbali kidogo ili nifike kwake vizuri.

Muuza mikate anakaa fasi moja tangu asubuhi, na masikio hayana mlango wa kufunga. Nilizijua piki za mji huu kama mtu anavyojua vikohozi vya majirani. Siku moja mteja wangu alitoka garajini, piki yake imetengenezwa, akasimama kununua mikate. Alipowasha, nikamwambia asiende mbali, atarudi hapa akiisukuma. Alinicheka mkate ukiwa mdomoni. Sikuwa nimemaliza ule unga alipoonekana anaisukuma juani, na badala ya kuniambia mimi, alienda kumwambia Papa Mulamba kwamba mama wa mikate ameiloga piki yake.

Papa Mulamba akavuka barabara, akachuchumaa karibu na karai langu, akauliza nilisikia nini. Nikamwambia ile piki ilikuwa inakata maneno, kama mtu anayetaka kukohoa watu wakiwa wanasali, akajizuia, halafu kikohozi kikamtoka. Akasema nije garajini kesho yake, na mikate nije nayo pia, kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wameizoea.

Niseme alikuwa mtu gani. Ujana wake aliumaliza kwenye machimbo ya bati, pembeni ya mashine ya kuponda mawe, na ile mashine ilibaki na nusu ya masikio yake. Mekanisia kiziwi anayetafuta milio ya piki: watu waliokuja mara ya kwanza waliona ni kichekesho. Mara ya pili hawakucheka. Alikuwa na mpini wa jembe la zamani, umelainika kwa kushikwa. Ncha moja aliiweka juu ya chuma cha moteri, ncha nyingine aliiuma kwa meno, akafunga macho. Mtikisiko ulipita kwenye mti, ukaingia kwenye meno, ukafika kwenye mifupa ya kichwa. "Masikio yanasikia kila kitu, hata umbea," aliniambia. "Meno yanasikia tu kile unachoyagusisha."

Siku yangu ya kwanza sikupewa kle. Alinikalisha juu ya bidoni tupu la mafuta, mbele ya piki nzima iliyonyanyuliwa, akaniambia nizungushe gurudumu la nyuma kwa mkono na kusikiliza. Nilizungusha asubuhi yote. Jioni akauliza nilisikia nini, nikasema sikusikia kitu. Akafurahi sana. Alisema sasa najua mlio wa mzima, kesho atanipa wa mgonjwa. Nyumbani mama mkwe aliniuliza kazi hiyo mpya ni ya kufanya nini, nikamwambia nimezungusha gurudumu kutwa. Kesho yake aliwaita wakubwa wa familia kuniombea.

Baada ya hapo Papa Mulamba alinifundisha kuuliza kabla ya kufungua. Mwenye piki akifika anaonyesha kidole moteri na kusema "iko inalia hapa." Usimwamini kidole chake. Muulize inalia lini. Akivuta gazi kwenda mbio au akiachia? Akiikamata ambrayaji, yaani klachi, mlio unabadilika? Akifika kwenye mteremko, afunge moto kabisa, aiache piki iteremke yenyewe. Mlio ukinyamaza pamoja na moteri, utafute juu, kwenye moteri. Ukiendelea, umefuata gurudumu, utafute nyuma: kwenye sheni, ule mnyororo, kwenye meno yanayoivuta, kwenye rulema, zile pete za chuma zenye gololi ndani ambazo kila kinachozunguka kinazunguka juu yake. Nimeona mafundi wakifungua moteri nzima kwa ajili ya tatizo lililokuwa kwenye gurudumu, na wakiirudisha, moteri nayo inakuwa na tatizo.

Kesi iliyonifanya niitwe mekanisia na siyo mama wa mikate ilitoka Nyangwe. Muuguzi mmoja alikuwa anavuka Lualaba kila wiki, piki yake ikiwa ndani ya mtumbwi, na ilikuwa inagonga: tak, halafu kimya, halafu tak. Wote tulisema ni gurudumu. Nikaweka alama ya chaki kwenye tairi, nikaizungusha polepole, na nikaona gurudumu linapita mzunguko mmoja, wa pili, na zaidi, ndipo mlio unarudi. Kwenye piki hakuna kitu kinachozunguka polepole kuliko gurudumu isipokuwa sheni yenyewe, kwa sababu ni ndefu. Nikaipitia pingili kwa pingili kwa vidole, hadi nikafikia moja iliyokataa kukunjika. Maji ya mto yalikuwa yameingia na kuishikisha kutu. Papa Mulamba alinyoosha mkono, akanipa ule mpini wa jembe, niuume mimi.

Aliporudi kwao Lusangi kulima, aliniachia garaji. Walikuwepo waliosema mwanamke hawezi kuongoza garaji. Piki zao zilipolia, waliwatuma wadogo zao wazilete, wao wenyewe wakabaki nyuma ya ukuta wa jirani wakisubiri. Nilizitengeneza. Mtu aliye nyuma ya ukuta naye anahitaji kufika shambani.

Sasa nifike kwa Muzee Ramazani.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kabambare, mtu mwembamba, shati limenyooshwa hata baada ya safari. Alikuja na piki ambayo sikuwahi kuiona nyingine kama yake, nyeusi, ya silinda moja, iliyotengenezwa Ubelgiji kabla mimi sijazaliwa. Mwenye shamba mmoja alimwachia baba yake alipoondoka nchini, na baba akamwachia yeye. Alikuwa ameiamsha mwenyewe baada ya kulala muda mrefu ghalani: ameifuta kutu, ameitafutia tairi, na mwisho ameifunga sheni mpya. Alipoingia nayo garajini, Shabani, mekanisia mwenzangu, aliacha kazi yake akasimama. Ilikuwa inalia taratibu kama cherehani ya fundi mzuri.

Nikamuuliza mwenyewe ugonjwa uko wapi, maana mimi nasikia piki nzima.

"Mulio iko inakuja kesho," akasema, "na lori ya karanga."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kesho yake lori likafika kutoka Kabambare, na juu ya magunia ya karanga akateremka mke wake, Mama Atosha, mwanamke mkubwa wa umbo, mzuri, kitenge kimefungwa vizuri licha ya vumbi lote. Alikuja garajini, akamuuliza kila mmoja wetu jina na ukoo, akatusalimu, akakaa kwenye benchi letu, mgongo ameuelekeza kwa mume wake.

Nilivyoelezwa na mmoja, kisha na mwingine, habari ilikuwa hivi. Tangu sheni mpya ifungwe, Muzee akipanda peke yake piki inanyamaza. Mama akikaa nyuma, inasaga. Akishuka, inanyamaza tena. Walizoea kubishana juu yake wakiwa wawili tu, na ilikuwa utani. Lakini siku ya Idi, nyumba ikiwa na wageni, mtu mmoja aliuliza habari ya ile piki maarufu, na Muzee akajibu kwamba piki haina kosa, kosa liko kwenye mzigo. Wageni walicheka. Mama Atosha alimaliza kugawa chakula, akaosha mikono, akachukua mto wake akahamia chumba cha wajukuu. Hadi siku ile walipokuja kwangu alikuwa bado huko.

Hayo pekee yangeweza kusubiri. Lililowaleta Kasongo ni dada mkubwa wa Mama Atosha, aliyeko Nyangwe, ambaye alimlea baada ya mama yao kufariki. Dada alikuwa ametuma neno kwamba miguu imemshinda na anataka kumuona mdogo wake. Daraja la njia ya Nyangwe lilikuwa limevunjika, lori halipiti, zinapita piki na baiskeli tu. Nikamwambia Mama Atosha piki za kubeba abiria ziko nyingi sokoni, zote za vijana wanaojua njia.

"Miye nilitoka Nyangwe bibi-arusi juu ya ile piki," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku ile niliapa sitakaa nyuma ya mwanaume mwingine. Yeye anajua niliapa. Na juu yake sipandi tena, iko inanisema mbele ya watu."

Basi ndivyo ilivyokuwa: dada anasubiri ng'ambo ya daraja bovu, piki iko, mwenye piki yuko, na mke hapandi. Nikaona nianze kazi.

Nilimwambia Muzee aizungushe uwanjani. Kimya. Tukaisimamisha kwenye miguu yake ya chuma, gurudumu la nyuma likiwa hewani, nikalizungusha kama nilivyofundishwa. Kimya. Sheni ilikuwa safi, ina mafuta, na nilipoisukuma kwa kidole katikati ililegea kama upana wa vidole viwili, vile vitabu vinavyotaka. Nikamwomba Mama Atosha akae nyuma ili nisikie. Akakataa. Alisema hakusafiri juu ya karanga kuja kupimwa uzito mbele ya soko la Kasongo.

Sikumlazimisha. Nilijiangalia. Miaka yote ile garajini sikuwa nimeacha kula mikate yangu mwenyewe, na kati yangu na yeye mzani ungepata shida ya kuchagua. Nikafunga kitenge juu ya suruali ya kazi, nikasema nitakaa mimi. Mama Atosha akageuka kwenye benchi kwa mara ya kwanza.

"Utashika wapi?" akauliza.

Nikamwambia nitashika chuma cha siti, siyo mtu. Akasema ni vizuri, lakini hakugeuka tena kuangalia kwingine hadi tuliporudi.

Hatukufika mbali. Mara tu piki iliponibeba, mlio ukaja, chini ya mguu wangu wa kushoto, kama mtu anayetafuna karanga pamoja na maganda. Niliusikia kwenye soli ya kiatu kabla ya masikio. Tukafika kwenye mteremko, nikamwambia Muzee afunge moto na kuiacha iteremke. Moteri ikanyamaza. Ule utafunaji ukaendelea, ukapungua tu piki ilipopunguza mwendo. Basi haukuwa wa moteri. Nikashuka, nikamwambia arudi garajini peke yake. Akaondoka kimya kabisa, nami nikarudi kwa miguu nikiwaza.

Nilipofika, Mama Atosha alikuwa amesimama.

"Mama," nikamwambia, "sasa tuko wawili. Iko inanisema na miye."

Alijizuia asicheke, lakini nililiona shavu lake likicheza.

Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo kabisa, na tangu siku ile nimekifanya kwa kila piki inayobeba watu wawili. Nilimkalisha Muzee kwenye siti, nikakaa nyuma yake, magurudumu yote chini, na nikamwambia Shabani aisukume sheni kwa kidole. Akasukuma. Akasukuma tena kwa dole gumba. Akaniangalia. Haikulegea hata kidogo, ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma iliyotoka motoni. Nikashuka mimi peke yangu, na sheni ikapata nafasi kidogo. Muzee akashuka, ikalegea vizuri.

Vijana, hili ndilo nataka mlishike. Gurudumu la nyuma linashikwa na mkono wa chuma unaopanda na kushuka kwa springi. Piki ikiwa tupu, mkono umeinama, na gurudumu liko karibu kidogo na yale meno ya mbele yanayovuta sheni, tunayoita pinyo. Ikibeba mtu, sehemu ya nyuma inakaa chini, mkono unanyooka, gurudumu linakwenda mbali na pinyo. Sheni haiongezeki urefu. Muzee Ramazani aliipima sheni yake mpya vizuri sana, lakini aliipima piki ikiwa tupu. Kila alipombeba mke wake, sheni iliivuta pinyo kwa nguvu zote, na nyuma ya pinyo kuna rulema. Ile rulema ilivutwa hadi ikaharibika. Akiwa peke yake, sheni ilikuwa inaiachia kidogo, nayo ikanyamaza kama mgonjwa aliyepata mto.

Tukafungua. Rulema ilipotoka, gololi zake zilikuwa zimechubuka kama mahindi yaliyoingiliwa na wadudu, na pete ya nje ilikuwa na ufa mwembamba ambao ukucha uliusikia kabla ya jicho kuuona. Nikaiweka kwenye kiganja cha Muzee. Kwa kuwa alikuwa mwalimu, aliigeuza pande zote kabla ya kuuliza.

"Kama angeendelea kupanda, ingekuwa namna gani?"

Nikamwambia ukweli. Ile pete ingepasuka njiani, labda kwenye mteremko, sheni ingejikunja kwenye pinyo na gurudumu lingekamata. Wangeanguka wote wawili.

"Kwa hiyo kukataa kwake..."

"Njo kumewaweka wazima, papa."

Alikaa chini juu ya tairi bovu, na shati lake safi. Mama Atosha alikuwa anasikia kutoka kwenye benchi. Nikaokota kle yangu, nikaona siyo kazi ya mekanisia kumsaidia mtu kusema.

Kasongo yote haikuwa na rulema ile. Lakini rulema ina jambo moja zuri: haijali inakaa kwenye mashine gani. Imechongwa namba ukingoni, na popote duniani namba ile ni kipimo kile kile. Nikaifunga mbovu kwenye kitambaa, nikapanda piki ya dereva mmoja anayekwenda Salamabila, huku wale wazee wawili wakibaki kwa ndugu zao hapa mjini, mke chumba cha wanawake na mume cha wanaume.

Nilipitia Lusangi kumsalimu Papa Mulamba. Nilimkuta amezeeka, amenyooka, amekuwa mkulima kabisa, na masikio yake sasa yalikuwa yamekwisha. Sikumpigia kelele. Nilimpa tu rulema. Aliipitishia kidole ndani, akaigusisha kwenye meno, akaizungusha. Kisha akacheka hadi machozi, na akaniuliza ni nani aliyekuwa anabebwa. Nikamwonyesha kwa mikono umbo la Mama Atosha, halafu nikajionyesha mimi mwenyewe. Akacheka zaidi. Aliisoma namba akiishikilia mbali na macho, akasema nitafute kule wanakosagia mawe ya dhahabu, kwa sababu mashine zao ndogo zinatumia rulema ya kipimo hicho, na mtu mwenye akili hakosi ya akiba.

Salamabila ni mahali ambapo kila kitu kinasaga: mashine, meno, na maneno. Mkubwa wa kinu kimoja, mtu wa Kibangubangu aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, alikuwa nayo moja mpya, bado iko kwenye karatasi yake ya mafuta. Hakutaka kuitoa. Alisema siku rulema ya mashine yake ikivunjika, watu wake wote watakaa bure. Nilimweleza habari ya yule dada wa Nyangwe. Akafikiri. Akasema mashine yake nayo ina mlio tangu juzi, na fundi wa huko amemwambia ni rulema. Nikiusikiliza na kumwambia kweli, tutaongea.

Niliomba mti, wakanipa mpini wa sururu. Nikauweka kwenye chuma, nikauuma, vijana wote wa kinu wakiacha kazi kuniangalia. Rulema zake zilikuwa nzima. Kilichokuwa kinagonga ni puli ya mkanda, imelegea kwenye mhimili wake kwa sababu msumari wake wa kufungia ulikuwa umekatika. Tukautoa, tukachonga mwingine, mashine ikatulia. Yule bwana akasikiliza kwa muda, kichwa kimeinama, kisha akaingia ndani akaleta rulema kwenye karatasi yake. Alisema sasa haihitaji haraka.

Niliporudi Kasongo, Shabani alikuwa amesafisha kila kitu kikingojea. Rulema iliingia fasi yake bila kupigwa nyundo. Tukafunga pinyo, tukarudisha sheni. Ikabaki kuipima, na hapo nikamtafuta Mama Atosha kwa macho, kwa sababu safari hii kipimo kilihitaji wale wale watakaobebwa.

Habari ilikuwa imezunguka soko. Walikuwepo wauza samaki, walikuwepo madereva, na wale waliozoea kusimama nyuma ya ukuta safari hii walikuwa mbele. Nikamweleza Mama kwa nini namhitaji kwenye siti. Alibaki amesimama, mikono kwenye kitenge, anamwangalia mume wake. Nilielewa anangoja nini, na nadhani kila mtu pale alielewa.

Muzee Ramazani akaja kusimama mbele ya piki. Alikohoa kama mwalimu anayeanza somo.

"Siku ya Idi nilisema kosa ni ya muzigo," akasema. "Nilisema uongo. Kosa ni ya mukono wangu. Nilikaza sheni piki ikiwa tupu, kama vile nitatembea peke yangu maisha yote."

Hakuna aliyecheka.

"Sema tena," Mama Atosha akamwambia. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno. Ndipo mama akatoa viatu, akampa Shabani avishike, akapanda, akakaa, akamshika mume wake kiunoni. Piki ikashuka kwenye springi zake. Nikalala chini kwenye vumbi na kle yangu, nikaiachia sheni kidogo kidogo kila upande, hadi ilipolegea vizuri chini ya wote wawili. Nilikaza mhimili, nikainuka, nikawaambia waende hadi mteremkoni na kurudi.

Soko zima lilinyamaza kusikiliza. Walikwenda, tukaona wanageuka, wakarudi. Kilichosikika ni moteri peke yake, ile cherehani. Mama Atosha alipita mbele yetu bila kusimama, kichwa juu, kama mtu anayepitia kijijini kwa maadui zake, na ilibidi Shabani awakimbilie na viatu mkononi, kwa sababu walikuwa wameshika njia ya Nyangwe moja kwa moja.

Baadaye mama mmoja muuza samaki alitoka Nyangwe na salamu. Wamefika salama, dada amelia, dada amecheka, dada ameomba azungushwe uwanjani juu ya piki na amezungushwa. Na Mama Atosha ametuma neno kwangu mimi mwenyewe: piki haisemi tena, lakini sasa Muzee anasema njia nzima, na je, garaji yangu inatengeneza hiyo.

Nilimjibu kwamba hiyo haina kipande cha kubadilisha.

Tangu wakati huo, kila kiangazi walipita hapa wakienda Nyangwe. Dada alifariki baadaye, akiwa amemshika mdogo wake mkono, na bado waliendelea kwenda, kusafisha kaburi na kula samaki. Nilipotangaza mwaka huu kwamba naacha kazi, walikuja kuniaga, Muzee akiwa na fimbo iliyofungwa pembeni ya siti, kwa sababu anaendesha vizuri kuliko anavyotembea. Walikunywa chai. Niliiona sheni imelegea kidogo, nikamwambia Shabani alete kle, niikaze mara ya mwisho kwa mkono wangu, halafu ninyi mwendelee. Muzee akaanza kuinuka polepole kutafuta fimbo yake. Nilikuwa tayari nimepiga magoti, yanauma, nimeshaweka kle kwenye nati, nikaona kivuli kimepita juu yangu na springi zikashuka.

Mama Atosha alikuwa amekwisha kukaa. Ametoa viatu, amepanga kitenge chake, anaangalia mbele barabarani kana kwamba mimi siko pale chini.

"Pima sasa," akasema. "Sheni ya hii piki haipimwi bila miye."